Wanaotusafishia Kisima

Wapendwa waamini, na hasa ninyi viongozi wa walei mnaobeba mzigo wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo: katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza nanyi juu ya ardhi, maji, kura na rushwa. Safari hii twataka kusema juu ya kazi ambayo wengi wetu hatukujua kwamba ipo, ingawa tunanufaika nayo kila tunapofungua simu.

Mama mmoja alitujia ofisini baada ya Misa ya asubuhi. Hakutaka nia ya Misa wala cheti cha ubatizo. Alisema, "Padre, kijana wangu amepata kazi Nairobi, kazi ya kompyuta, katika jumba lenye lifti. Lakini halali. Akisinzia anapiga kelele. Nikimwuliza ameona nini, ananiambia ametia sahihi kwamba hatasema." Nasi tulidhani mara moja, kama ilivyo desturi yetu mapadre, kwamba kijana amenaswa na pombe au na kikundi cha ibada za siri. Tulikosea. Alipokuja mwenyewe, majuma mengi baadaye, alitueleza kwa maneno machache kazi aliyokuwa akiifanya. Alikaa mbele ya kioo zamu nzima akitazama picha na video ambazo watu walikuwa wamezilalamikia: mtoto anadhulumiwa, mtu anakatwa shingo, mwingine anajitoa uhai huku kamera ikimtazama. Kwa kila moja alipaswa kuamua, kwa muda usiotimia dakika, kama ibaki au iondolewe. Kisha ilifuata nyingine.

Kazi hii huitwa uchujaji wa maudhui. Makampuni makubwa ya mitandao ya kijamii hayaifanyi yote kwa mashine, kama watu wanavyodhani. Mashine hutangulia kukamata yaliyo dhahiri. Yenye utata, na yale yaliyosemwa kwa lugha ambazo mashine haijafundishwa vema, huletwa mbele ya macho ya binadamu. Tangu mwaka 2019 Nairobi ilikuwa kituo kimojawapo cha kazi hiyo. Kampuni ya Sama iliajiri vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika kuchuja maudhui ya Facebook kwa Kiswahili, Kisomali, Kiamhari, Kitigrinya na lugha nyingine. Kisima tunachochota sote kina watu wanaoshuka ndani yake kutoa mizoga, ili sisi tunaokuja na ndoo asubuhi tukute maji. Nasi hatuwaoni, twaona maji tu.

Wapo wanaouliza: kwa nini kuchuja? Si kila mtu aseme apendavyo, na ukweli ujitetee wenyewe? Sisi wa nchi za Maziwa Makuu hatuwezi kusema hivyo bila kuona haya. Radio RTLM ilianza kutangaza huko Rwanda Julai 1993. Mwaka mmoja haujatimia, ikawa inataja watu kwa majina na mahali walipo ili wauaji wawafikie. Tulikuwa seminarini Desemba 3, 2003, wakati Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokaa Arusha, ilipowatia hatiani wakuu wawili wa radio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Katika rufani ya mwaka 2007 baadhi ya makosa yalifutwa na vifungo vikapunguzwa, lakini msingi haukutikisika: mtu aweza kuchochea mauaji ya halaiki bila kugusa panga. Wala tusijifiche nyuma ya altare. Mahakama hiyo hiyo ilimhukumu padre Mkatoliki kwa sehemu yake katika kubomolewa kwa kanisa la Nyange likiwa na watu ndani.

Nasi hapa Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 walipoteza maisha. Wakati ule simu za wengi wetu hazikuwa na picha wala video. Ujumbe mfupi wa maandishi ulitosha kupeleka chuki kutoka kijiji hadi kijiji. Januari 1, 2008, watu waliokuwa wamekimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, waliteketezwa humo. Ndiyo maana Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 33, inatoa uhuru wa kujieleza kwa mkono mpana, na papo hapo inasema kwamba uhuru huo haufiki kwenye uchochezi wa ghasia wala kwenye maneno ya chuki. Walioiandika walikuwa bado wanasikia harufu ya moshi.

Kwa hiyo hatubishani juu ya kuwapo kwa mipaka. Swali ni nani anayeilinda, kwa maarifa gani, na kwa gharama ya nani.

Je, iachiwe serikali? Tunasema kwa heshima, lakini waziwazi, kwamba mamlaka yaliyokasirishwa ni mlinzi mbaya wa ulimi wa raia. Juni 2025 mwalimu kijana alikamatwa kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni yaliyomhusu afisa wa ngazi ya juu wa polisi. Akasafirishwa hadi Nairobi, na siku iliyofuata alikuwa maiti. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa daktari ulionyesha kwamba alipigwa. Jirani zetu wa Tanzania walifungiwa mtandao wa X Mei mwaka huo huo, na ilipofika siku ya uchaguzi, Oktoba 29, intaneti ikazimwa. Mtu anayezima taa ya nyumba nzima hawezi kusema kwamba alikuwa anatafuta nyoka. Sheria ni lazima iwepo, mahakama ni lazima ziwepo, na mwenye kuchochea mauaji ashtakiwe mbele ya hakimu. Lakini kumpa waziri au askari swichi mkononi, kwamba aamue mwenyewe lipi ni tusi na lipi ni ukweli unaouma, huko ni kuhama kutoka kwa chuki ya wengi hadi woga wa wote.

Je, iachiwe kampuni peke yake na mashine zake? Tuwasimulieni jambo lililotokea Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu. Mashirika mawili, Global Witness na Foxglove, yalitaka kuona kama Facebook ingeruhusu matangazo ya kulipia yenye maneno ya chuki na wito wa kuua. Yaliyapeleka kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, yakikusudia kuyafuta kabla hayajaonekana na mtu. Ya Kiswahili yalikubaliwa. Ya Kiingereza yalikataliwa kwanza, na sababu ilikuwa sarufi na lugha chafu! Yaliporekebishwa kidogo, nayo yakapita. Mwalimu wetu wa Kiingereza pale seminarini angalifurahi kwamba hatimaye amepata mrithi. Lakini jambo lenyewe si la kuchekesha: mlangoni palikuwa na mlinzi aliyejua kanuni za insha, asijue damu. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliipa kampuni hiyo siku saba ijirekebishe.

Chuki ya kwetu haisemi kwa maneno ya kamusi. Aprili mwaka huo huo Tume hiyo ilitoa orodha ya maneno ya kuepukwa katika kampeni, na ndani yake yalikuwamo "madoadoa" na "kwekwe". Mtu wa mbali atafungua kamusi akute alama za rangi na mimea ya shambani. Mtu wa Bonde la Ufa anajua kwamba wanaosemwa ni majirani wa kabila jingine, na kwamba kwekwe hung'olewa. Ninyi mnaosoma Injili mnakumbuka kwamba watumishi walipotaka kung'oa magugu, mwenye shamba aliwakataza, wasije wakang'oa na ngano. Wanasiasa wetu wamekwenda mbele zaidi, wameamua wao wenyewe nani ni ngano. Kutambua maneno kama hayo kunahitaji mtu aliyekulia mahali, anayejua nani anamwambia nani, kwa sauti gani, katika mwezi gani wa mwaka wa uchaguzi. Mashine yaweza kumsaidia mtu huyo, lakini haiwezi kukaa mahali pake.

Pale mtu huyo anapokosekana, au anapokuwa mmoja ambapo walihitajika mia, watu hufa. Novemba 3, 2021, profesa wa kemia wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Ethiopia, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake baada ya maandishi ya Facebook kumtaja kwa jina na picha na kumzulia mambo. Mwanawe anasema aliyalalamikia maandishi hayo kwa kampuni mapema, asipate msaada. Desemba 2022 alifungua kesi Nairobi, kwa kuwa ni Nairobi ambako maudhui ya nchi yake yalikuwa yakichujwa. Kampuni ilipinga kwamba mahakama za Kenya hazina uwezo juu yake. Aprili 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba zinao. Kesi yenyewe ni jambo jingine, na ushahidi utapimwa. Lakini mlango umefunguliwa, na umefunguliwa hapa kwetu.

Sasa turudi kwa kijana wa yule mama, kwa kuwa yeye ndiye sababu ya kuandika.

Februari 2022 jarida la Time la Marekani liliandika kwamba baadhi ya wachujaji wa Nairobi walikuwa wakilipwa kiasi cha dola moja na nusu kwa saa. Mwaka 2019 kijana kutoka Afrika Kusini, Daniel Motaung, alijaribu kuwaunganisha wenzake wadai haki zao. Alifukuzwa kazi, na Mei 2022 akafungua kesi. Januari 2023 Sama ilitangaza kwamba inaacha kazi hiyo, na wachujaji wapatao 260 wakawa hatarini kubaki bila ajira. Zaidi ya 180 wakaenda mahakamani. Kampuni mama ya Facebook, yaani Meta, ilijitetea kwamba wao si waajiri na kwamba haina makao Kenya. Septemba 20, 2024, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba yaweza kushtakiwa hapa. Desemba mwaka huo ikajulikana kwamba daktari wa magonjwa ya akili wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta amewapima, na zaidi ya 140 kati yao wamekutwa na madonda ya nafsi yale ambayo askari hurudi nayo kutoka vitani.

Huko Marekani, Mei 2020, kampuni hiyo hiyo ilikubali kulipa dola milioni 52 kumaliza kesi ya wachujaji wa huko waliodhurika kwa kazi hiyo hiyo. Hatuna wivu na Wamarekani; walistahili. Tunachouliza ni kama jicho la kijana wa Kisomali au wa Kizulu linaumia kidogo zaidi likitazama mtoto anachinjwa. Mafundisho ya jamii ya Kanisa hayajui madaraja katika hadhi ya binadamu. Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano ya mshahara hayawi ya haki kwa sababu tu pande mbili zimekubaliana, kwa kuwa mwenye njaa hukubali lolote. Na Papa Leo XIV, siku chache baada ya kuchaguliwa Mei 2025, aliwaeleza makardinali kwamba alichagua jina hilo akiufikiria waraka huo, kwa sababu akili unde imeleta mapinduzi mengine ya viwanda. Basi hatuzushi neno jipya tunaposema kwamba haki ya mchujaji ni haki ya mfanyakazi.

Liko jambo moja ambalo sisi mapadre twalielewa kuliko wengine, nalo limetusumbua tangu siku tulipoketi na kijana yule. Nasi twasikia dhambi. Saa nyingi za Kwaresima tunakaa katika kitubio tukisikia yale ambayo watu hawawezi kumwambia mtu mwingine. Nasi tumefungwa na siri. Lakini siri ya kitubio inamlinda mwenye kutubu, na anayesikia anao uwezo aliopewa wa kuondolea, akiisha akatoka nje akiwa mwepesi. Anaye mwungamishi wake, anaye askofu wake, anayo sala. Kijana huyu anatazama dhambi za dunia siku nzima bila uwezo wa kumwondolea mtu hata moja, bila kumjua aliyetenda, bila kujua kama mtoto wa kwenye video yu hai. Na siri aliyoitilia sahihi inamlinda tajiri. Kumkataza mtu kumwambia mama yake kwa nini halali, sisi hatuoni jina jingine la kuliita jambo hilo isipokuwa ukatili. Kampuni ina haki ya kuficha ufundi wake. Haina haki ya kuficha jeraha ililolisababisha.

Tunasikia jibu la viongozi wetu: tukibana sana, kazi hizi zitakwenda nchi nyingine na vijana watakosa mkate. Hoja hii si ya kudharau. Tunawajua vijana wenye shahada wanaosukuma mikokoteni. Lakini hoja hiyo hiyo ilitolewa kwa mashamba ya mkonge, kwa migodi, na kwa kila kazi iliyowahi kuvunja migongo ya watu wetu, nasi hatukumbuki mahali ambapo migongo iliyovunjika iliijenga nchi. Mwaka 2024 bungeni uliletwa mswada wenye kifungu cha kuwakinga wenye kazi wa ng'ambo wasishtakiwe na wafanyakazi walioajiriwa kupitia makampuni ya hapa. Mawazo ya namna hiyo yakirudi, kwa jina lolote, kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027 au baada yake, ulizeni wabunge wenu mahali walipo. Ulizeni pia kama sheria itamhakikishia mchujaji zamu fupi, daktari asiyelipwa kwa kumrudisha haraka kwenye kiti, na ruhusa ya kujiunga na chama. Mei 1, 2023, zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi hizi walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, nasi katika makanisa yetu tuliimba nyimbo zake, na hatudhani kwamba kuna parokia hata moja iliyowataja katika maombi ya waamini. Yetu haikuwataja.

Hapo ndipo tunapofika nyumbani, na tungependa kuharakisha, lakini dhamiri haituruhusu.

Parokia yetu ina kikundi cha WhatsApp. Wasimamizi wake ni sisi na katibu wa halmashauri ya walei. Asubuhi moja muumini mwema alituma humo picha ya mwanamume aliyekuwa akiuza vyombo vya plastiki nyumba kwa nyumba, pamoja na maneno kwamba ni mwizi wa watoto na atafutwe. Hakumjua, alikuwa ameipokea kwingine, akaona ni upendo kuwaonya wenzake. Tuliiona kabla ya Misa. Tukasema moyoni, tutaishughulikia. Tukaadhimisha Misa, tukanywa chai, tukapokea wageni wa harusi, na ilipokaribia saa sita tukakumbuka. Kufikia saa hiyo mtu yule alikuwa amezingirwa sokoni, jino limetoka, bidhaa zimekanyagwa. Alisalimika kwa sababu akina mama wawili wa Jumuiya walimkumbatia na kukataa kumwachilia. Ilijulikana baadaye kwamba ana watoto wanne na kwamba hajawahi kuiba hata kijiko. Papa Fransisko, katika Fratelli Tutti ya mwaka 2020, alionya kwamba hata katika vyombo vya Wakatoliki kashfa na masingizio huweza kuzoeleka. Tulikuwa tumeusoma waraka huo, tukautolea na semina.

Tumewalaumu matajiri wa California kwa kuchelewa kuondoa maandishi yaliyoua. Sisi tulichelewa saa tano, katika kikundi cha watu mia mbili, kwa lugha yetu wenyewe.

Halmashauri ilipokutana ilitaka kwanza kukifunga kikundi. Mzee mmoja akauliza kama tutafunga na kanisa, kwa kuwa na humo watu husengenyana. Basi tuliamua hivi: kila kikundi cha parokia kiwe na watazamaji wawili, mwanamume na mwanamke, wanaobadilishwa kila mwezi ili pasiwe na mtu anayechoka wala anayejiona mfalme. Picha ya mtu anayetuhumiwa kosa lolote isitumwe kabisa. Mwenye habari aende kwa chifu au polisi. Ujumbe ukiondolewa, aliyeutuma aelezwe sababu faraghani, kabla ya kusemwa mbele ya watu. Na akiona ameonewa, alete shauri mbele ya halmashauri, asikilizwe. Lawama juu ya paroko zisiondolewe. Jambo hili la mwisho lilijadiliwa kwa muda mrefu kuliko mengine, na si sisi tuliolipendekeza.

Tulimwomba kijana wa yule mama atusaidie kuandika taratibu hizo, kwa kuwa hakuna katika parokia anayeijua kazi hiyo kama yeye. Alikuja jioni mbili, akakaa na katibu, akaandika vizuri, kwa lugha nyepesi ambayo kila mtu ataielewa. Aliweka sharti moja tu: asiwekwe katika zamu ya watazamaji.